Imani yangu ilipopoa, mkono ulikataa kupunja. Naomba tuongee kuhusu nia

Mchuuzi wa Ugogo

Wakuu, salaam. Wenyeji wangu, mbukwenyi.

Uzi huu ni mrefu, nimeuandika kwa usiku tatu. Sijaja kubishania dini ipi ni ya kweli, na nawaomba sana tusiupeleke huko. Nina jambo la kazini kwangu ambalo nimeshindwa kulifungua peke yangu.

Mimi ni mnunuzi wa nafaka. Sasa nina duka dogo hapa Dodoma mjini, lakini kwa miaka mingi nilikuwa mmoja wa wale wanaopita vijijini na gari la kukodi, Kongwa, Mpwapwa mpaka Chamwino ya ndani, Juni hadi Agosti, watu wakiwa wametoka kuvuna na mfukoni hawana kitu. Mliokulia kijijini mnatujua. Tunafika na debe letu.

Debe langu lilikuwa na tumbo. Unalipeleka kwa fundi bati, analigonga kitako na mbavu kutokea ndani, taratibu. Ukilitazama kwa nje ni debe kama madebe mengine, ila linameza zaidi. Halafu unapima huku unatikisa, mahindi yanashuka, unaongeza, unamalizia kwa kichuguu juu. Baadaye nilikuja kuyaweka kwenye mizani: kila debe nilimpunja mkulima kilo mbili hivi. Madebe sita ni gunia. Magunia kumi ni madebe 60, kilo 120. Yaani kila nikipakia magunia kumi, moja na kitu halikuwa langu. Nilifanya hivyo tangu 2003 mpaka 2011, na usingizi nilikuwa nalala vizuri kabisa. Wote niliowakuta kwenye kazi walifanya, na walionifundisha walinifundisha kama mtu anavyofundishwa kufunga turubai.

Mwanzoni mwa 2011 niliokoka. Hili silipitii harakaharaka kwa sababu lilikuwa la kweli. Mkutano wa injili kiwanjani, mhubiri akasoma Mithali 11:1, mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, nikahisi watu wote wamegeuka kunitazama. Kesho yake asubuhi nililipondaponda lile debe kwa nyundo. Nikanunua jipya, nikachonga ubao wa kusawazishia, nikaanza kupima mfuto. Mngeniuliza kwa nini, jibu lilikuwa moja: moto. Jehanamu niliiogopa kama ninavyomwogopa koboko. Mkulima sikumwaza hata kidogo. Nilijiwaza mimi, siku ile, nimesimama mbele ya kiti cha hukumu na debe langu limewekwa pembeni kama kidhibiti.

Watu wengi hudhani imani huondoka kwa msiba. Yangu haikuguswa na msiba wowote. Kuanzia 2018 ilipoa tu, kama chai uliyoisahau mezani. Nilikuwa naomba, naona maneno yanaishia kwenye bati. Kanisani niliendelea kwenda na mke wangu, na mpaka leo naenda, lakini yule wa kunitazama hakuwepo tena kichwani mwangu. Moto nao ukazimika. Sikumwambia mtu. Utamwambia nani, na wewe ndiye mzee wa kanisa?

Nikawa nasubiri jambo moja. Nilifundishwa, na nilikuwa nimewafundisha wengine, kwamba asiyemwogopa Mungu hana cha kumzuia. Kwa hiyo nilisubiri kujiona narudi kwenye debe lenye tumbo.

Julai 2019 nilikuwa kijiji kimoja upande wa Mpwapwa. Kuna bibi mmoja mjane, nilinunua kwake kila mwaka tangu naanza kazi, magunia yake manne. Mwaka ule macho yalikuwa yamekwisha. Kijana wangu wa kubeba alikuwa ameenda kutafuta maji ya rejeta. Tukabaki wawili chini ya mbuyu. Bibi akaniambia, "Pima mwenyewe mwanangu, mimi nitahesabu kwa sikio." Akakaa juu ya kinu kilicholazwa, kila debe likimwagwa anaweka kokoto moja mapajani.

Bibi haoni, kijana hayupo, na mbinguni, kwa hali yangu ya wakati ule, hapakuwa na mtu. Niliwaza waziwazi, sitaki kuwaficha: hapa hata nikiweka kichuguu hakuna atakayejua. Mkono ukachukua ubao, ukasawazisha. Debe la kwanza, la pili, mpaka la 24. Mkono unafanya, mimi nautazama.

Tangu siku hiyo nina swali. Ule uaminifu ulikuwa unakaa wapi? Kama ulikuwa wa Mungu, mbona Mungu alipofifia ndani yangu haukuondoka naye? Na kama haukuwa wake, ile misimu minane ya kupunja ulikuwa umejificha wapi?

Kwenye kitabu cha Ayubu, sura ya kwanza, Shetani anauliza kama Ayubu anamcha Mungu bure. Zamani nilidhani hilo ni tusi tu. Siku hizi naona ni swali ambalo Mungu mwenyewe hakulikataa, aliliacha lijaribiwe. Tukiondoa pepo na moto, thawabu na laana, nani kati yetu atabaki na debe la mfuto, na kwa sababu gani?

Karibuni.

---

Kijana wa Chang'ombe

Nimeusoma mara mbili, mkuu. Mimi ni bodaboda. Mwaka jana abiria alidondosha pochi kwenye pikipiki yangu, nikarudi kumpelekea mpaka kwake. Kijiweni walinisifu, wakasema nina hofu ya Mungu, na mimi nikaitikia. Ukweli ni kwamba yule mama alinichukua kijiweni kwetu na wenzangu waliona nikimpakia. Ningejulikana. Sijawahi kulisema hili popote. Ila nakumbuka alivyoifungua akakuta kadi ya kliniki ya mtoto ipo, alivyoishika. Hilo ndilo limebaki kwangu, sifa zote nimeshazisahau.

---

Ustadh wa Kondoa

Assalaam alaykum wote.

Ndugu Mchuuzi, Qur'ani ina sura nzima inayoanza na watu wa kazi yako. Al-Mutaffifin, sura ya 83: ole wao wapunjao, ambao wakijipimia kwa watu hudai watimiziwe, na wao wakiwapimia watu hupunguza. Kisha aya ya nne inauliza kama hawadhani kwamba watafufuliwa. Kitabu hakikuona aibu kuliweka debe na Siku ya Kiyama sehemu moja. Kwa hiyo ile hofu yako ya 2011 usiidharau. Ilikuwa mahali pake.

Lakini hofu si nyumba yote. Wanazuoni wameifananisha safari ya mja kwa Mola wake na ndege: mapenzi ndiyo kichwa, hofu na matumaini ndiyo mabawa mawili. Wewe uliruka na bawa moja miaka saba, ndiyo maana ulichoka.

Kuhusu mkono wako. Hapa Dodoma sasa kila mtaa kuna ujenzi, sote tumeona fundi anavyomwaga nguzo. Kwanza hufunga mbao pande zote, ndipo humwaga zege. Likishika, mbao zinatolewa, nguzo inasimama. Anayepita baada ya hapo anaweza kusema nguzo hii haikuhitaji mbao. Miaka saba ulipima mfuto kwa hofu, ikageuka desturi ya mkono. Siku mbao zilipotoka, zege lilikuwa limeshika. Mimi nasema Mungu hakuwa ameondoka. Alikuwa amemaliza hatua ile.

---

Msomaji wa Mlimwa

Nafundisha chuo hapa mjini, falsafa na maadili, na kisa chako nitakibeba kwa muda mrefu. Nina mawili.

La kwanza. Mwaka 1785 Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Königsberg, alitoa mfano wa muuza duka ambaye hata mtoto mdogo akija kununua hamzidishii bei. Akauliza: anafanya hivyo kwa nini? Kama ni kwa sababu duka lenye jina zuri linapata wateja, tendo ni sahihi, lakini halina thamani ya kimaadili, kwa kuwa halikutoka kwenye wajibu. Ukimfuata Kant, madebe yako yote ya 2011 hadi 2018 hayana uzito huo, kwa sababu ulikuwa unajiokoa mwenyewe, na siku ile chini ya mbuyu huenda ndiyo ilikuwa ya kwanza. Mimi simfuati mpaka huko. Naona ni ukatili kumwambia mtu miaka saba ya debe la haki ni sifuri. Ila swali lake haliepukiki.

La pili linauma zaidi. Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili, John Darley na Daniel Batson, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 40 wa chuo cha theolojia cha Princeton, Marekani. Kila mmoja aliambiwa aende jengo la pili akatoe hotuba fupi. Baadhi walipewa kuzungumzia Msamaria Mwema, wengine habari za ajira. Njiani, mlangoni, aliwekwa mtu ameinama, anakohoa na kugumia. Walichokipima ni nani atasimama. Kuwa na Msamaria Mwema kichwani hakukuleta tofauti ya maana. Sababu zao za kuwa watu wa dini nazo hazikutabiri nani asimame. Kilichotofautisha ni haraka: walioambiwa wana muda, asilimia 63 walisaidia, wenye haraka ya wastani asilimia 45, walioambiwa wameshachelewa, asilimia 10.

Sasa, ndugu yangu, siku ile rejeta ilikuwa haina maji na kijana wako hajarudi. Ulikuwa na muda. Je, lori lingekuwa linanguruma barabarani na dereva anapiga honi, mkono ungechukua ubao?

---

Mchuuzi wa Ugogo

Msomaji, umeniamsha usiku. Nimekaa nikaikumbuka siku ile yote upya. Ni kweli sikuwa na pa kwenda, injini ilikuwa imechemka. Sijui ningefanyaje gari likiwa linaondoka. Naiacha hivyo hivyo, sitajitetea.

Ustadh, mfano wa zege nimeupenda na nimeusomea mke wangu. Kuna sehemu moja tu inanisumbua. Zege haliijui mbao wala halimjui fundi. Mimi siku ile nilijua kitu. Nilipokuwa nasawazisha nilikuwa natazama vidole vyake vinavyopanga kokoto. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kimepinda, kimepindwa na jembe. Miaka yote ile nilikuwa sijakiona.

Kijana wa Chang'ombe, hapo kwenye kadi ya kliniki usipapite.

---

Mwalimu wa Mkalama

Habari za jioni. Nafundisha shule ya msingi wilaya ya Mkalama, Singida, na baadhi ya wanafunzi wetu ni watoto wa Wahadzabe. Naomba niunganishe na hili la kidole.

Kuna utafiti ulichapishwa kwenye jarida la Nature mwaka 2016, watu 591 kutoka jamii nane za dunia, na Wahadzabe walikuwa mojawapo. Mtu anakaa peke yake na sarafu 30, vikombe viwili na kete. Anachagua kikombe kimoja moyoni, anarusha kete, na kete ndiyo inayoamua kama sarafu iende kwenye kikombe alichokiwaza au kile kingine. Kikombe kimoja ni chake au cha watu wa karibu naye, kingine cha mtu asiyemjua wa mbali mwenye imani kama yake. Hakuna anayemwona, kwa hiyo kudanganya ni rahisi. Kinachopimwa ni kundi zima limeegemea wapi. Ilionekana kwamba kadiri watu walivyoamini kuwa Mungu wao anajua mawazo na anaadhibu, ndivyo walivyomgawia yule wa mbali kwa haki zaidi. Na imani ya kwamba Mungu hutoa thawabu haikutosha kuyaeleza matokeo hayo. Ilikuwa ile ya kuona na kuadhibu.

Yaani hofu ina kazi yake, na kazi hiyo iko kwa mtu wa mbali.

Kwa watu wa karibu nimeona kingine. Wahadzabe wanaoishi kwa kuwinda na kurina asali, mtu akirudi na nyama inagawanywa kambini. Hakuna mhubiri wala mtu wa kuwatisha kwa moto. Msidhani lakini kwamba ni malaika. Watu huomba, tena hudai, na anayeficha husemwa. Wanaishi karibu mno kiasi kwamba njaa ya jirani ina uso.

Mchuuzi, 2003 yule bibi alikuwa mtu wa mbali kwako, mahindi tu yaliyosimama mlangoni. Nadhani 2011 ulihitaji Mungu wa kuona na kuadhibu kwa sababu bibi mwenyewe ulikuwa humwoni. Kufika 2019 ulikuwa umekaa naye chini ya mbuyu misimu 16. Labda imani yako ilikushikilia pale muda wa kutosha mpaka ukaona kidole gumba. Sijui kama hilo ni jambo la dini au la kawaida ya wanadamu, na kwa kweli naanza kuona mpaka wenyewe siuoni.

---

Bint Majengo

Mwalimu amesema kweli, lakini nami namtetea anayeabudu bila hofu. Rabia wa Basra, mcha Mungu wa karne ya nane, husimuliwa kuwa alionekana akipita na mwenge mkono mmoja na ndoo ya maji mkono wa pili. Alipoulizwa akasema anakwenda kuichoma pepo na kuuzima moto, ili watu wamwabudu Mwenyezi Mungu kwa ajili Yake mwenyewe. Alikuwa mwanamke, tena aliyewahi kuwa mtumwa. Mtu aliyekwisha kumilikiwa anajua tofauti ya kumtumikia mtu kwa fimbo na kumtumikia kwa kumpenda.

Kaka Mchuuzi, kwako ndoo imeshamwagwa. Mwenge wa kuichomea pepo unao? Maana umesema hofu imekwisha, hujasema kama na tamaa ya kuonekana mwema imekwisha.

---

Mama wa Bahi

Nimesoma wote toka juu. Mmesoma, mna hekima, sina ubishi na hilo. Mimi nalima mpunga Bahi. Niko upande wa pili wa debe.

Toka mmeanza mnazungumza moyo wa mpimaji. Hofu yake, mapenzi yake, zege lake. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za bibi. Kokoto zake mmezifanya mfano.

Niwaambie kupunjwa kukoje. Unajua. Hakuna mkulima asiyejua ujazo wa gunia lake, umelijaza mwenyewe, umelibeba mwenyewe kutoka shamba. Unalitazama linaingia madebe matano na kitu na mnunuzi anakuambia hujajaza vizuri. Unanyamaza kwa sababu mtoto anatakiwa shule Jumatatu na gari ni hilo hilo moja. Unapokea hela unasema asante. Ile asante ndiyo inayokaa kooni mwaka mzima. Kilo utazisahau, asante huisahau.

Kwa hiyo akija mtu kunipimia mfuto kwa sababu anaogopa moto, namkaribisha, nampa na uji. Akija wa kunipimia mfuto kwa sababu mwanafalsafa wa Ulaya kasema ni wajibu, naye karibu. Nia zenu zichunguzeni usiku mkilala. Mchana nawaomba ubao.

Ila wewe Mchuuzi nina swali lako. Magunia manne kila mwaka ni madebe 24. Kilo mbili kila debe, kilo 48. Umesema misimu minane. Hiyo ni kilo 384 za mwanamke mjane. Ulikaa naye 2019, haoni, anapanga kokoto, na wewe unaushangaa mkono wako unavyotenda haki. Ulimwambia?

Hizo kilo ziko wapi?

---

Ustadh wa Kondoa

Mama wa Bahi, Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Nami nakiri nilisoma kisa nikaruka hapo, na fiqhi nimesoma. Haki ya Mungu mja hutubia kwa Mola wake. Haki ya mja mwenzako haifutiki kwa istighfari, yaani kumwomba Mungu msamaha, mpaka umrudishie mwenyewe au akusamehe. Akiwa amefariki, inakwenda kwa warithi wake.

---

Mzee wa Mvumi

Wanangu, mimi ni mtu mzima, naandikiwa na mjukuu. Mama wa Bahi amesema neno.

Sisi Wagogo tumekulia kwenye habari za njaa. Wazazi wangu walituhadithia Mtunya, ile ya miaka ya 1917 mpaka 1920, majeshi ya vita kuu ya kwanza yalipokuwa yamechukua ng'ombe na nafaka, kisha mvua ikakata. Walikufa watu wengi mno. Nyumbani kwetu walipoisimulia hawakutaja nani alikuwa Mkristo na nani alikuwa wa mizimu. Walitaja majina ya nyumba zilizofungua mlango, na majina ya nyumba zilizofunga. Mimi nimezaliwa miaka mingi baadaye, lakini majina hayo ninayajua yote. Sababu za wale waliofungua sikuwahi kuambiwa. Nadhani hakuna aliyewauliza.

Na wewe mzee wa kanisa mwenzangu, Zakayo alishuka mtini akasema kama amemnyang'anya mtu kitu kwa hila, anarudisha mara nne. Bwana alikuwa hajamhubiria hata neno moja pale. Alikuwa amesema tu leo nitashinda nyumbani kwako.

---

Mchuuzi wa Ugogo

Shikamoo mzee. Shikamoo mama.

Sikumwambia.

Mama, jibu ni hilo, mengine ninayoongeza ni maelezo tu. Tangu 2011 niliomba toba kanisani mara nyingi, nikalia kweli, nikasamehewa na Mungu na wachungaji, na kila nikienda kwa bibi nilikuwa nampelekea sukari. Nilijiambia sukari ni kitu. Siku ile ya 2019 nilipomaliza kupima nilijiona nimefika mahali pakubwa. Nilirudi Dodoma nikiwa na furaha. Nimekuja hapa miaka yote hii baadaye kuwauliza wema wangu unakaa wapi, na hesabu ya kilo 384 sikuwahi kuipiga, mimi ambaye hesabu ndiyo kazi yangu.

Bint Majengo, jibu lako nalo ni hilo hilo.

Sitaandika zaidi mpaka nitoke kule.

---

Kijana wa Chang'ombe

Tunakusubiri, mkuu.

---

Mchuuzi wa Ugogo

Wakuu, nimerudi. Imechukua wiki mbili.

Nilipakia magunia manne ya mahindi, kilo 400. Mara nne ya Zakayo sikuiweza, nisiwadanganye, duka ni dogo. Njiani nilijaribu kujiuliza nakwenda kwa nini, nikakosa jibu moja. Kulikuwa na hofu, imerudi kidogo na sijui imetokea wapi. Kulikuwa na aibu nyingi. Mlikuwepo ninyi mnanisubiri, na Mama wa Bahi zaidi ya wote. Na kulikuwa na kile kidole gumba. Nilipofika Mpwapwa mjini niliacha kuyachambua.

Bibi alifariki miaka mitatu iliyopita. Nilijua ninaweza kukuta hivyo na bado niliposikia nilishika mlango wa gari. Nimemkuta binti yake, mtu mzima, naye ana wajukuu. Nikasalimia, nikakaribishwa kigoda, nikasema yote. Nilisema debe, nikasema fundi bati, nikataja miaka. Alikuwa anachambua mlenda, hakuacha.

Nilipomaliza akasema, "Mama alijua."

Akasema mama yake alikuwa anawaambia debe la yule kijana lina tumbo. Nikamuuliza mbona aliendelea kuniuzia. Akanitazama kama nimeuliza kitu cha mtoto. "Gari lingine lilikuwa linafika huku?" Mama wa Bahi, ulikuwa umeshaniambia.

Halafu akasema mwaka mmoja mama aliingia ndani akawauliza, "Yule kijana kapatwa na nini? Debe limenyooka." Hawakujua kumjibu. Ilikuwa 2011.

Nikamweleza na siku ile ya mwisho chini ya mbuyu, kwamba mama alikuwa haoni na hapakuwa na mtu, na mimi nikapima mfuto. Hapo ndipo aliacha mlenda. Akasema mama alikuwa anasikiliza ubao. Debe likisawazishwa lina sauti yake, ule mkwaruzo, na lisiposawazishwa sauti haipo. Alihesabu kokoto 24 na alisikia mkwaruzo mara 24, akaja kuwaambia usiku huo.

Kwa hiyo wakuu, ile siku niliyowaandikia kwamba hakuna aliyeniona, nilikuwa nasikilizwa tangu debe la kwanza.

Sikuwa na la kusema. Nikamwambia mahindi yako kwenye gari. Akauliza kwa hesabu yangu mama alinidai kilo ngapi. Nikasema 384. Akauliza nimeleta ngapi. Nikasema 400, zilizozidi ni zawadi, ni za msiba ambao sikufika. Akamwita mjukuu alete debe lao la ndani na mkeka. Akatandika, akapima mwenyewe, pale pale, kwa kiganja chake, kila debe anasawazisha kwa mkono kama anapangusa meza. Madebe 23. Mimi nilikuwa nimesimama, nasikiliza.

La 24 alilijaza, akalisawazisha kama mengine, akalimimina tena kwenye gunia langu. Akafunga mdomo wa gunia kwa kamba, akasema, "Hili si letu."